Kipokezi Kisichojibu

Tusekile Mwaipaja aliunyanyua mfuko wa mchanga hadi usawa wa kifua, akauachia. Mfuko ulitua sakafuni kwa kishindo. Vikombe vilitikisika kabatini, na Bi Subilaga, aliyekuwa ameketi karibu na jiko na blanketi mapajani, akainua uso.

"Taratibu, mwanangu. Hiyo sakafu imekukosea nini?"

"Samahani, Bibi. Ndivyo tunavyopima."

Aliitazama simu yake ya kazi. Ilipaswa kulia. Katika nyumba za wazee kijijini Ikombelo, kama ilivyokuwa kotekote kwenye miteremko ya Rungwe, sakafu zilihisi uzito. Mtu akianguka, nyumba ilipeleka habari, na habari ilipanda ngazi: kwanza kwa ndugu aliyeandikishwa, kisha zahanati, na mwisho Baraza la Matunzo kule mjini. Wakati wa majaribio, simu ya fundi ndiyo iliyowekwa mahali pa ndugu. Lakini simu ya Tusekile ilikuwa kimya.

Aliuinua mfuko tena, akauangusha karibu na mlango. Kimya. Akaenda nao chumbani, akauangusha pembeni ya kitanda, pale wazee wengi wanapoteleza wakiamka kwenda msalani. Kimya vilevile.

"Sakafu yako imeharibika, Bibi."

"Haijaharibika. Inasikia hata paka akiruka."

Alilisema hilo kwa utulivu mno, na Tusekile akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umepinda kidogo, nywele zote nyeupe. Kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na alama ya zamani ya kuchubuka.

Tusekile alifungua kisanduku cha ukutani, akaunganisha kioo chake cha kusomea programu, akaanza kusoma.

Mfumo wenyewe haukuwa mgumu. Kila ngazi ilikuwa na kipokezi chake, yaani kipande kidogo cha programu kinachoamka tukio linapofika. Kikishaamka hufanya kazi yake, halafu hurudisha jibu moja kati ya mawili. "Kweli" maana yake tukio limeshughulikiwa, liishie hapa. "Si kweli" maana yake halijashughulikiwa, lipande juu. Ngazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya ndugu, ilikuwa nyumba yenyewe.

Kipokezi cha nyumba ya Bi Subilaga kilikuwa na mstari mmoja tu. Tukio lolote likija, rudisha kweli.

"Nani ameandika hiki, Bibi?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Unashangaa nini? Nilisimamia mashine za kuchuma chai mpaka nikastaafu. Mashine ikifika kwenye mchai inauliza. Ukiijibu kweli, inajua mchai ule umeshachumwa, inapita. Nyumba nayo ni hivyohivyo. Inauliza, naijibu, inapita."

"Lakini Bibi, unaidanganya. Ukianguka, inaamini umeshahudumiwa."

"Nimeshahudumiwa. Nimejihudumia mwenyewe."

"Hakuna anayejua hivyo."

Bi Subilaga aliliondoa blanketi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. "Kaa pale," alisema, akimwonyesha benchi la ukutani. "Kaa, na usininyanyue. Ukininyanyua nakufukuza."

Kabla Tusekile hajaelewa, yule mama alishika ukingo wa meza, akapiga goti, akajilaza sakafuni ubavu, kisha chali. Alibaki hapo akipumua, akitazama dari. Halafu akaanza kuinuka. Alijigeuza upande wa kulia. Akavuta goti hadi tumboni. Akajisukuma kwa kiwiko, akapumzika. Akakivuta kigoda kilichokuwa chini ya meza, akakiegemea kwa mikono miwili, akapandisha goti moja, akapumzika tena. Tusekile alijishikilia kwenye benchi ili asisimame. Mara moja mkono wa yule mama uliteleza kwenye kigoda, naye Tusekile akafumba macho. Alipoyafumbua, Bi Subilaga alikuwa amesimama, kanga yake imejaa vumbi, jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Sasa niambie," alisema huku akihema. "Limeshughulikiwa au halijashughulikiwa?"

Tusekile aliinuka. Alikwenda kumletea maji.

"Na siku usipoweza, Bibi?" aliuliza alipompa kikombe.

"Siku hiyo naiogopa kama wewe. Usidhani siiogopi." Alikunywa. "Lakini Baraza naliogopa zaidi. Nilianguka mara ya kwanza wakati wa masika. Muuguzi alikuja upesi, akanifunga mkono, akakaa hapo ulipo wewe, akanywa chai. Wiki ileile nikapigiwa simu na Baraza. Wananiambia tukio langu halikupata mtu wa kulishughulikia. Nikawaambia, muuguzi alikuja. Yule dada wa kwenye simu akanijibu kwa upole, ule upole wa kumsemesha mtoto: 'Sawa, Bibi, tumekusikia.' Mara ya pili, hivyohivyo. Muuguzi kaja, kanitibu, kaondoka, na Baraza linasema hakuna aliyekuja. Unajua sheria. Ya tatu sikuisubiri."

Tusekile aliijua sheria. Ilitungwa miaka ile vijana walipohamia miji ya bondeni, wazee wakawa wanakutwa wamekufa peke yao nyumbani. Mzee ambaye matukio yake matatu yamefika kwenye Baraza ndani ya mwaka mmoja alihesabiwa kuwa hana wa kumtunza. Alihamishiwa Nyumba ya Utulivu, na makazi yake yakapewa familia iliyokuwa ikisubiri. Ilikuwa sheria ya huruma, na watu waliipenda.

Lakini si sheria iliyomfanya akae kimya na kioo mkononi. Ni yale maneno. Muuguzi alikuja. Aliyasikia kwenye simu alipokuwa kazini mbali, Morogoro, kutoka kwa baba yake, Mzee Ambokile, wiki chache kabla hajahamishwa. Tusekile alipowauliza Baraza, walimjibu kwa upole vilevile. Wazee wengi husema hivyo, dada. Ni matatizo ya kumbukumbu tu. Naye alikubali, kwa sababu mfumo ulionyesha wazi kwamba hakuna aliyefika, na yeye alikuwa fundi wa mfumo.

*

Zahanati ya kijiji ilikuwa chini ya barabara, nyuma ya mashamba ya chai. Tusekile hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi za mlangoni, akafungua kioo, akaingia kwenye kipokezi cha zahanati kwa ruhusa yake ya ufundi.

Kilikuwa kimeandikwa vizuri. Tukio lilipofika, kilimtafuta muuguzi aliye karibu zaidi, kikampigia, kikamwonyesha njia ya mkato, kikaandaa dawa kulingana na historia ya mgonjwa. Muuguzi alipomaliza, kiliandika taarifa yake kwenye kumbukumbu za zahanati na kumshukuru kwa jina. Halafu kiliishia hapo.

Alisogeza juu, akasogeza chini. Akasoma upya toka mwanzo, kidole kikifuata mistari. Hakuna mahali kilipoandikiwa kurudisha jibu. Wala "kweli" wala "si kweli". Kilifanya kila kitu, kisha kikanyamaza.

Na waliobuni mfumo walikuwa wameamua jambo moja kwa nia njema kabisa. Kipokezi kisichojibu kichukuliwe kama kimesema si kweli. Huenda kimezimika, walifikiri, na habari ya mtu aliyeanguka isije ikaishia kwenye kifaa kilichokufa. Afadhali ipande. Kwa hiyo kila mzee aliyetibiwa na zahanati hii alipanda hadi kwenye Baraza kama mtu ambaye hakuna aliyemjali. Zahanati iliona wagonjwa wake wamepona. Baraza liliona wazee waliotelekezwa. Mzee mwenyewe ndiye pekee aliyeziona pande zote mbili, na kila aliposema, alionekana amechanganyikiwa.

Alimpigia msimamizi wake, Bwana Mwasandube. Alikuwa mtu mzima, mtaratibu, ndiye aliyemfundisha kazi.

Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Umehakikisha?" aliuliza.

"Nimesoma mara nne. Kama programu hii imenakiliwa kwenye zahanati nyingine—"

"Imenakiliwa." Sauti yake ilishuka. "Mimi ndiye niliyeinakili. Kwa zahanati zote za mlimani. Nilijaribu kama muuguzi anaitwa. Aliitwa. Sikujaribu kinachotokea baada ya hapo."

Tusekile alikishusha kioo mapajani.

"Irekebishe leo hii," Bwana Mwasandube alisema. "Muuguzi akithibitisha amefika, irudishe kweli. Asipofika, si kweli. Nitaisambaza kote kabla ya jioni."

"Na waliokwisha kuhamishwa?"

"Tusekile, nyumba zao zina watu. Kuna watoto wamezaliwa humo. Wazee wenyewe wameshazoea, wana marafiki, wanakula vizuri. Ukienda kuwaambia leo, unawapelekea nini? Nyumba huwezi kuwarudishia. Unawapelekea uchungu tu."

"Baba yangu yuko Nyumba ya Utulivu."

"Najua." Alikohoa. "Sikukatazi. Na kama ni lawama, jina langu lipo, sitalificha. Ninachokuomba ni ufikiri. Ukweli ukishautoa huwezi kuurudisha ndani."

Baada ya simu kukatika, Tusekile aliandika ule mstari uliokosekana. Haukuchukua muda. Aliusoma kwa sauti, akaujaribu, akaona tukio la majaribio linafika zahanati, linathibitishwa na muuguzi, linaishia pale. Kilikuwa kitu kidogo sana. Alikaa akikitazama mpaka michai iliyokuwa mbele yake kwenye mteremko ikaanza kufunikwa na ukungu.

Hakuwa na uhakika kwamba Bwana Mwasandube alikosea. Kila alipomtembelea baba yake, alimkuta msafi, ameshiba, yuko na wenzake. Kama angeyanyamazia haya, nani angeumia? Hilo lilikuwa swali la haki, wala hakuliepuka.

Alirudi kwa Bi Subilaga. Alimweleza yote, bila kupunguza.

"Sasa zahanati inajibu," alimalizia. "Muuguzi akija, tukio linaishia kwake. Halifiki tena kwenye Baraza. Nakuomba Bibi, tuubadilishe mstari wako. Nyumba ikuulize kwanza. Ukiijibu kwamba umeinuka, irudishe kweli, na huo utakuwa ukweli mtupu. Usipoijibu, iite muuguzi."

Bi Subilaga alifikiri. Aliuliza nyumba itasubiri muda gani kabla ya kumwita muuguzi, maana kuinuka kwake hakuna haraka. Walibishana kidogo kuhusu hilo, wakakubaliana. Akaandika mwenyewe, polepole, kidole kimoja, Tusekile akimshikia kioo. Walipomaliza, Tusekile aliangusha mfuko, na nyumba ikauliza kwa sauti ya kawaida: Bi Subilaga, umeinuka?

"Mimi nipo kwenye kiti," yule mama aliijibu. "Ni mgeni huyu anaangusha vitu."

Tusekile alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Alianza kufunga vifaa vyake.

"Ngoja," Bi Subilaga alisema. "Mimi nimebaki nyumbani kwangu kwa sababu nilidanganya. Si ndiyo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Waliosema ukweli je?"

*

Nyumba ya Utulivu ilikuwa jengo jeupe lenye madirisha makubwa na bustani ya maua mbele. Tusekile alifika kesho yake mchana. Mhudumu wa mapokezi alimsalimia kwa jina, akamwambia mzee amekula vizuri, yuko chumbani.

Mzee Ambokile alikuwa ameketi kitandani, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Chumba kilikuwa nadhifu. Juu ya kabati palibandikwa karatasi iliyoandikwa NGUO. Kwenye mlango mdogo, MSALANI. Kwenye droo, DAWA: UMESHAKUNYWA? MUULIZE MHUDUMU. Yote yalikuwa kwa mwandiko wa baba yake mwenyewe. Tusekile alikuwa ameyaona mara nyingi. Alidhani yanamsaidia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Leo ni Jumapili?"

"Hapana, Baba. Ni Alhamisi. Nimekuja na jambo."

"Ahaa." Alionekana kufarijika. "Nilidhani nimekosea siku tena."

Alivuta kiti, akakaa karibu naye. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi ya kumwandaa. Sasa yote aliyaona hayana kazi.

"Baba, ulipoanguka kule nyumbani, ulisema muuguzi alikuja."

Uso wa mzee ulibadilika. Alitazama mlango, kama mtoto anayeogopa kusikika. "Hayo yalikwisha. Nilielezwa. Akili ya mzee hujitengenezea mambo."

"Alikuja, Baba. Mara zote tatu. Programu ya zahanati ilikuwa na kasoro. Haikulijulisha Baraza. Jana nimeiona kwa macho yangu, na ziara zote tatu zimo kwenye kumbukumbu za zahanati."

Mzee Ambokile aliacha kutazama mlango. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na kidole gumba kimoja kikawa kinasugua kingine, taratibu. Tusekile alisubiri. Nje, mtu alikuwa akimwagilia bustani.

"Alivua viatu mlangoni," mzee alisema hatimaye. "Kulikuwa na matope. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole, na aliona aibu, akawa anakificha kwa mguu mwingine. Nikamwambia, usijali, kijana, hata zangu ndivyo zilivyo." Aliitazama miguu yake mwenyewe. "Kwa hiyo hilo lilitokea."

"Lilitokea."

"Nililiondoa. Nilijilazimisha kuliondoa kichwani. Nilijiambia, kama hili ninaloliona wazi namna hii halikuwepo, basi lipi la kuliamini? Ndiyo nikaanza kuuliza. Leo ni siku gani. Nimekula, sijala." Alizitazama zile karatasi, moja baada ya nyingine, kama zimebandikwa na mtu mwingine. "Mama, mimi sikuwa nimechanganyikiwa."

"Hapana, Baba. Nisamehe. Uliniambia, nikaamini mashine."

Mzee alimshika mkono. Hakumjibu kuhusu msamaha, na Tusekile hakumwuliza tena.  Kisha mzee akainuka, akaenda kwenye droo, akaibandua ile karatasi, akaikunjakunja na kuitia mfukoni. Zile nyingine aliziacha.

"Nyumba ina nani sasa?"

"Mke na mume, wana mapacha. Baba, nitajaribu—"

"Waache." Alilisema mara moja, halafu akatulia kama anayejipima. "Mapacha siwatoi. Humu nina watu wangu, na kule juu baridi inaniuma mifupa. Pengine ningekuja humu hata kwa hiari yangu. Lakini ningekuja nikiwa na akili zangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Wengine umewaambia?"

"Bado. Kuna anayeona nisiwaambie. Si mtu mbaya, Baba. Anasema nitawaletea uchungu bure."

"Uchungu watapata," mzee alisema. "Nami nimeupata sasa hivi, umekaa hapa." Aligusa kifua. "Lakini humu ndani tuko wengi tunaoulizana leo ni siku gani. Kuna mama mmoja hapo chumba cha jirani, kila asubuhi ananiomba nimhakikishie jina la mwanawe. Analijua! Analitaja mwenyewe, halafu ananiuliza kama ndilo." Alichukua fimbo yake. "Twende. Saa hizi wako kwenye ukumbi wa chakula, wanakunywa chai."

Ukumbi ulikuwa umejaa harufu ya tangawizi na maandazi. Wazee walikaa kwenye meza ndefu, wengine wakizungumza, wengine wakitazama dirishani. Mhudumu mmoja alimwuliza Mzee Ambokile kama amepotea njia. "Sijapotea," alijibu, wala hakusimama. Alifika mbele, akagonga kikombe kwa kijiko mpaka watu wakanyamaza.

"Huyu ni binti yangu, Tusekile. Ni fundi. Ana neno kwa sisi tuliotoka mlimani. Msikilizeni mpaka mwisho."

Tusekile alisimama mbele yao. Aliona sura nyingi zikimgeukia, na kwa mara ya mwisho aliyafikiria maneno ya Bwana Mwasandube, kwamba ukweli ukishautoa huwezi kuurudisha ndani. Aliwasalimia. Kisha akawaeleza, kwa Kiswahili chepesi, bila majina ya kitaalamu. Kwamba walipoanguka, muuguzi alikuja. Kwamba waliosema alikuja walisema kweli. Kwamba kosa lilikuwa la programu na la watu wanaoitunza, naye akiwa mmoja wao, na halikuwa kwenye vichwa vyao. Kwamba nyumba zao zimeshakaliwa, na hawezi kuwaahidi kitu ambacho hakipo mikononi mwake, lakini taarifa yenye jina lake na la msimamizi wake itafika kwenye Baraza siku hiyohiyo.

Alitarajia makelele. Hayakuwepo. Mzee mmoja aliinamisha kichwa mezani. Wawili walishikana mikono. Pale nyuma mtu alianza kulia kwa sauti ya chini, na jirani yake hakumbembeleza, alimwacha alie.

Kisha mama mmoja mfupi, aliyekaa meza ya karibu, akauliza bila kuinua sauti: "Mwanangu anaitwa Lusajo. Yuko Songea, anafundisha. Ni kweli?"

Mhudumu alifungua kinywa ili amjibu. Mzee Ambokile alimwinulia mkono.

"Wewe unasemaje, mama?" Tusekile aliuliza.

Yule mama alifikiri. Watu wote walimsubiri.

"Nasema ni kweli," alisema. "Na nyumba yangu ni ile ya mwisho, karibu na kisima, ina mlango wa kijani. Anaishi nani humo sasa?"

"Sijui, mama," Tusekile alisema. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akatoa simu ili aandike. "Lakini kesho asubuhi nitakwenda kubisha hodi. Nielekeze njia."

Na yule mama akaanza kumwelekeza.